Shoga yangu ananipa sindano za kupunguza mwili. Nijichome kimyakimya?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili. Kabla ya kuzaa nilikuwa na kilo 70. Leo nina kilo 98, na urefu wangu ni sentimita 162. Usidhani nimekaa tu nikitazama mwili unaongezeka. Nimejinyima, nimekimbia alfajiri, nimeshinda na maji matupu mpaka kizunguzungu kikaniangusha. Kila nikijitahidi napungua kilo saba au nane, halafu mwaka haujaisha zimerudi zote na nyingine juu yake.

Hivi karibuni nilipimwa presha ikakutwa juu, nikaanzishiwa vidonge. Nilipomuuliza daktari kuhusu uzito, alinijibu bila kuinua macho, "Punguza kula," akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale machozi yananilenga.

Sasa kuna shoga yangu wa siku nyingi. Amepungua mpaka watu wanamsimamisha njiani. Anajichoma sindano tumboni mara moja kwa wiki. Anasema ni ileile wanayotumia watu maarufu, ila yeye hapati ile inayouzwa ndani ya kalamu ya kujichomea, anapata kichupa kidogo kutoka kwa mtu anayewasiliana naye kwa simu. Hakina karatasi ya maelezo. Amebakiwa na vichupa viwili, na yuko tayari kunipa nianze moja kwa moja na kipimo anachotumia yeye, ili nisipoteze muda.

Dada yangu anasema dawa za kupunguza mwili ni za wavivu. Mume wangu hana neno na mwili wangu, lakini hapendi mtu kumezameza dawa, kwa hiyo nilipanga nijichome bila yeye kujua, nikishapungua niache. Tunataka mtoto wa tatu mwakani, kwa sasa natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Kisukari sina. Kwenye ukoo, bibi alikuwa na presha na mama mdogo aliwahi kupasuliwa shingoni kutolewa tezi, basi.

Shangazi, ni kweli natafuta njia ya mkato? Nijichome hizi sindano? Na nikishapungua, naweza kuacha?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu.

Nikupe kwanza jibu unalolisubiri. Vichupa vya shoga yako usivichome, hata kimoja, hata nusu ya kipimo. Lakini wazo lenyewe la kutumia dawa kupunguza uzito si baya hata kidogo, na kwa hali uliyonieleza una kila haki ya kulizungumza na daktari aliyetulia akakusikiliza. Kinachonitia hofu katika barua yako ni kujificha. Daktari alikuvunja moyo, dada yako akakuita mvivu, na sasa uko tayari kuingiza mwilini kitu usichokijua, mradi asijue mtu. Aibu ndiyo inayokusukuma huko, na aibu hiyo hukustahili kubebeshwa.

Tuanze na huo uvivu. Mwili ukipungua uzito, haujui kwamba umefanya hivyo kwa hiari. Unaona njaa imeingia, unaanza kujihami. Homoni zinazochochea njaa hupanda, zile za kushibisha hushuka, na mwili hubana matumizi ya nishati. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali sana. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao bado zilikuwa zinawasukuma kula kuliko mwanzo. Kwa hiyo zile kilo nane ulizozitoa kwa jasho zikarudi, hazikurudi kwa sababu wewe ni dhaifu. Ulikuwa unashindana na mwili ambao hauchoki. Shirika la Afya Duniani linahesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa wa muda mrefu, na ugonjwa wa muda mrefu hutibiwa. Hakuna aliyekuita mvivu ulipoanza kumeza vidonge vya presha.

Je, wewe ni mtu wa kupewa dawa hizi? Madaktari huanza na uwiano wa uzito na urefu, ile BMI: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wako ni kama 37. Kwa kawaida dawa hufikiriwa kuanzia 30, au 27 kama kuna ugonjwa unaoambatana na uzito, kama presha, kisukari cha aina ya pili au mafuta mengi kwenye damu. Kwa hiyo umo, tena kwa mbali. Ningemwambia jambo tofauti kabisa msichana mwenye kilo 60 anayetaka kuingia kwenye gauni la harusi.

Sindano inayosemwa sana ni semaglutidi. Kwa wagonjwa wa kisukari inaitwa Ozempic, na kwa kupunguza uzito inaitwa Wegovy, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Ya pili ni tirzepatidi, ambayo huko Marekani ni Mounjaro kwa kisukari na Zepbound kwa uzito. Zinaiga homoni ambazo utumbo wenyewe huzitoa baada ya kula. Chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na ubongo hupata habari kwamba umeshiba. Wengi wanaozitumia husema kitu cha kwanza walichokigundua ni ukimya kichwani, kwamba hawawazi chakula kutwa nzima. Nadhani wewe unaelewa maana ya hilo kuliko mimi.

Zinafanya kazi. Katika utafiti mkubwa wa semaglutidi uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu 1,961, waliochomwa dawa walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4 tu. Wote walipewa ushauri uleule wa mlo na mazoezi. Kwako asilimia 15 ni karibu kilo 15. Tirzepatidi kwa kipimo cha juu ilifika karibu asilimia 21 katika wiki 72. Huo ni wastani, kuna waliopungua zaidi na kuna ambao haikuwasaidia sana. Hata hivyo, usidharau kidogo. Ukipungua asilimia 5 tu, ambayo kwako ni kilo tano hivi, presha na sukari huanza kukaa vizuri.

Sasa turudi kwenye kichupa. Dawa halali huanza na kipimo kidogo mno. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na kila baada ya wiki nne kipimo hupandishwa mpaka kufika miligramu 2.4 katika mwezi wa tano. Ngazi hiyo imewekwa ili tumbo lizoee. Shoga yako anataka uanzie alipofika yeye. Unaweza kutapika mpaka maji yakuishie mwilini, na mtu aliyeishiwa maji huku anameza dawa za presha anaweza kuumiza figo. Tena dawa ya kichupa humtaka mtu avute kipimo mwenyewe kwa bomba la sindano, na hapo ndipo watu wanakosea. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za watu waliovuta dozi mara 5 hadi 20 ya waliyotakiwa, wengine wakaishia hospitali. Hao walikuwa na kichupa chenye dawa kweli. Wewe hujui hata kilichomo. Juni mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliitahadharisha dunia kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani, likaeleza kuwa nyingine huenda hazina dawa kabisa na nyingine zina kitu kingine, kama insulini. Mtu asiye na kisukari akijichoma insulini bila kujua, sukari yake inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Na hata kama dawa ni ya kweli, hutakiwi kuruhusu igande, na kabla ya kuanza kutumiwa hutunzwa kwenye friji. Nani anajua vile vichupa vimelala wapi?

Halafu kuna neno uliloliandika mwishoni ukamalizia na "basi". Mama mdogo wako alitolewa tezi shingoni. Hilo, mwanangu, ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Semaglutidi na tirzepatidi zina onyo kali linalohusu aina moja ya saratani ya tezi ya thairoidi, iitwayo saratani ya medula, kwa sababu panya wa maabara walipata uvimbe wa aina hiyo. Kwa binadamu haijathibitika, lakini mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuugua saratani hiyo hapewi dawa hizi. Watu wengi wanaopasuliwa tezi hupasuliwa kwa sababu ya rovu la kawaida, na huenda ndivyo ilivyokuwa kwa mama mdogo. Muulize. Muulize alikuwa anaumwa nini, na kama ana cheti cha hospitali mwombe ukione. Muuza vichupa hakuuliza na hatakuuliza.

La pili ni mtoto mnayemtaka mwakani. Dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito. Semaglutidi hukaa sana mwilini, ndiyo maana hutakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta mimba. Tirzepatidi nayo inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo anayeitumia hushauriwa kuongeza kinga kama kondomu, au kubadili njia, kwa wiki nne baada ya kuanza na wiki nne kila kipimo kinapopanda. Na wanawake wengine wakipungua uzito hushika mimba kwa urahisi kuliko walivyozoea. Hebu fikiria mimba imeingia huku unajichoma kitu kisicho na jina. Mkae na daktari mpange kipi kitangulie. Mnaweza kuamua kutibu uzito na presha kwanza kisha mtoto afuate baada ya muda, na kuingia kwenye ujauzito ukiwa mwepesi na presha imetulia ni heri kwako na kwa mtoto. Mnaweza pia kuamua mtoto kwanza. Hilo siwezi kuwaamulia. Lakini vyovyote iwavyo mwambie daktari mpango huo, kwa sababu hata baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mjamzito na itabidi zibadilishwe mapema.

Usije ukatoka kwenye sindano ukakimbilia vidonge. Fentermini, dawa ya zamani ya kukata hamu ya kula, huusisimua mwili na inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Ile yenye mchanganyiko wa naltreksoni na bupropioni nayo hupandisha presha, na haipewi mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa. Fentermini ikichanganywa na topiramati, dawa ya kifafa, na mama akaitumia akiwa mjamzito, kuna hatari ya mtoto kuzaliwa na mdomo sungura. Orlistati ni ya upole zaidi. Haigusi ubongo, inazuia karibu theluthi moja ya mafuta ya kwenye chakula yasifyonzwe, mafuta hayo yanatoka na choo, na ukila mlo wa mafuta mengi utaharisha mafuta. Kupungua kwake ni kwa kiasi.

Nasisitiza hivi kwa sababu historia ya dawa za kupunguza mwili ina majeruhi wengi, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuwa na haraka kama wewe. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 ilipogundulika inaharibu vali za moyo. Sibutramini iliondolewa mwaka 2010 kwa kuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na mpaka leo wakaguzi wanaikuta imefichwa ndani ya vidonge na majani ya chai yanayouzwa kama tiba asilia za kukata kitambi. Dawa za sasa zimefanyiwa uchunguzi mpana zaidi. Katika utafiti wa watu 17,604 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo, uliotoka mwaka 2023, semaglutidi ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 20. Hilo linanipa imani. Lakini imani yangu ni kwa dawa iliyopimwa, inayotolewa na mtu anayekufuatilia.

Unauliza kama utaweza kuacha. Ukweli ni mgumu hapa, na afadhali uusikie kabla hujaanza. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha wastani wa theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepungua. Ni kama dawa ya presha: ukiiacha kwa sababu presha imekuwa nzuri, presha haikai nzuri. Wengine huendelea kwa miaka, na wengine hushushiwa kipimo taratibu chini ya uangalizi. Kwa hiyo, kabla ya sindano ya kwanza, piga hesabu ya gharama ya muda mrefu kwa utulivu, usihesabu miezi mitatu tu. Na kwako wewe, mimba itakulazimisha kuacha, kwa hiyo kuacha nako kuwe na mpango.

Kuna maudhi pia. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kufunga ni vya kawaida, hasa kipimo kinapopanda, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kula kidogo kidogo na kuacha pale unapohisi umetosheka husaidia. Mawe kwenye nyongo na kuvimba kwa kongosho ni vya nadra zaidi lakini ni vizito. Pia sehemu ya uzito unaopotea ni misuli, siyo mafuta tu, ndiyo maana chakula chenye protini ya kutosha na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito havikwepeki.

Kuhusu mume wako, mwambie. Katika wiki za kwanza unaweza kukosa hamu ya chakula na kukimbilia chooni, naye ataona na kuwaza mabaya. Mtoto mnayempanga ni wake pia. Zaidi ya hayo, kuna kitu anakijua yeye ambacho wewe hukijui: kama unakoroma, na kama pumzi hukatika usingizini kisha ukashtuka. Hali hiyo huwapata sana wenye uzito mkubwa na hupandisha presha, na daktari atataka kuisikia. Mwambie hutafuti urembo, unatibu presha ukiwa bado kijana. Umesema hana neno na mwili wako. Mume wa namna hiyo anastahili kuaminiwa.

Rudi hospitali, na kama yule daktari anakutia unyonge omba mwingine. Hiyo si kiburi. Usianze na "naomba sindano." Andika kwenye karatasi uzito wako wa kila mwaka tangu kabla ya mtoto wa kwanza, ulichojaribu, ulipungua kiasi gani na ulirudisha lini. Karatasi hiyo itakuondolea jibu la "punguza kula". Taja kila dawa unayotumia au uliyowahi kutumia kwa muda mrefu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, steroidi na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuongeza mwili, na baadhi ya dawa za presha pia. Wakati mwingine kubadilisha dawa moja tu hupunguza mzigo. Omba upimwe sukari, mafuta kwenye damu, figo na thairoidi. Ukishaanza dawa, presha yako ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa uzito ukishuka vidonge vya presha vinaweza kukuzidi nguvu na itabidi vipunguzwe. Siku ukitakiwa kupasuliwa au kung'olewa jino kwa dawa ya usingizi, sema kwamba unatumia sindano hii, maana chakula hukaa tumboni muda mrefu.

Na shoga yako, ambaye naamini anakupenda na alitaka kukusaidia, mwonyeshe barua hii. Yeye ndiye aliye hatarini sasa hivi kuliko wewe. Aache kujichoma, achukue vile vichupa aende navyo kwa mfamasia au hospitali aseme wazi amekuwa akitumia nini na kwa kipimo gani, hawatamfunga. Na kama atapata maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyoachia, yanayopenya mpaka mgongoni, au macho yakawa ya manjano, au akatetemeka na kutokwa jasho jingi hadi kuchanganyikiwa, asisubiri kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na kichupa mkibebe.